Siku Nne za Baharini

9 Machi

Kwa hiyo ni wewe, Mama Mdogo! Nilijua. Mume wangu, Fundi, alikuwa anabisha, anasema kifurushi kisicho na jina la mtumaji huenda kimekosea mlango, tukirudishe posta. Nikamwambia, baba, hebu tazama pembe hizi. Nani mwingine chini ya jua anakunja shuka likawa kama daftari jipya? Leo nimetandika, foronya ikatema kikaratasi chako: "Mlale salama. Mama Mdogo." Nikakaa kitandani nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Fundi alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, hajui ashike lipi.

Shikamoo, Mama Mdogo. Na nyingine juu yake, na nyingine, kwa siku zote ambazo hatukusalimiana. Hujambo na kazi? Magoti yako je? Sisi ni wazima. Nina wiki ya tano ya kuitwa mke wa mtu na bado nikiitwa hivyo nageuka kuangalia nani kasimama nyuma yangu.

Ngoja nikueleze huyu mume, maana hukumwona. Kazi yake ni kutengeneza lifti za maghorofa. Mimi, kama unavyojua, ni mpokezi kwa daktari wa meno, ghorofa ya sita. Siku moja lifti ikakwama kati ya ya nne na ya tano, nami ndani peke yangu na kifuko cha meno ya bandia ya mzee mmoja. Nikapiga kelele zote nilizojaliwa. Ndipo nikasikia sauti kutoka juu: "Dada, punguza, kamba ni ya chuma lakini masikio yangu ni ya nyama." Dakika arobaini alizungumza nami bila kuniona. Akaniuliza nimekula nini, nina ndugu wangapi, naogopa nini. Mlango ulipofunguka nilikuwa nimeshampenda, sura ikawa nyongeza tu. Na ni nyongeza nzuri, Mama Mdogo, usione aibu nikikwambia! Asubuhi anapiga mluzi akivaa viatu. Jioni akipanda ngazi namjua kwa hatua zake kutoka ghorofa ya chini. Chumba chetu ni kimoja, kiko juu ya karakana ya seremala, kila kitu kina unga wa mbao, na mimi naona kama nakaa ikulu.

Harusi ilikuwa ofisini kwa msajili, dakika kumi na mbili. Shahidi wa upande wangu alikuwa daktari wangu wa meno. Kabla ya kutia saini alikwenda kunawa mikono kana kwamba anaingia kung'oa. Watu walicheka sana. Na mimi nilicheka.

Sasa jambo lenyewe. Fundi ameniuliza fungate twende wapi, akipata likizo yake Julai. Nimemjibu kabla hajafunga mdomo: baharini, kwa Mama Mdogo! Nakumbuka nikiwa mdogo mama akinisimulia kwamba hoteli yenu ina fomu ya jamaa. Aliyetumikia miaka kumi anaruhusiwa kuwaleta ndugu zake wakae siku nne kwenye vyumba vya wageni, vile vinavyotazama maji, mradi atie saini mwenyewe na awapokee mwenyewe kwenye mlango mkubwa. Ni kweli? Siku nne tu. Mimi na mume wangu na wewe.

Ya zamani sitaki kuyafukua. Tumefurahi, tufurahi.

Mwanao,
Chiriku


2 Aprili

Chiriku,

Marahaba, zote kwa pamoja. Mimi mzima. Magoti yanaamka kabla yangu. Tumeletewa mashine mpya ya kukaushia, kubwa kama chumba chako hicho cha unga wa mbao, inanguruma mpaka wasichana wanazungumza kwa vidole. Juzi msichana mgeni katika kazi alisahau kupekua mifuko, tukakuta jino la dhahabu linazunguka pamoja na taulo. Nikamwambia, hilo mpelekee daktari wa mwanangu.

Hongera, mama. Mwanamume anayepiga mluzi asubuhi ni wa kumshukuru Mungu. Usimfundishe uvivu, na usimwoneshe kila unachokiwaza, mengine yaache yamshangaze uzeeni.

Fomu ipo, ni kweli. Lakini Julai si mwezi mzuri. Vyumba vya upande wa bahari vinakarabatiwa, ni nyundo kutwa nzima na vumbi la saruji. Halafu upepo wa Julai unaleta majani ya baharini ufukweni, yananuka, wageni wanalalamika. Fungate ya kushika pua si fungate. Ngojeni kwanza.

Msalimie Fundi. Mashuka yafueni kwa maji ya baridi, myaanike kivulini.

Mama Mdogo


11 Aprili

Mama Mdogo mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika leo, nimeisoma ngazini, nikaisoma tena mezani kwangu kazini mgonjwa akiwa ameachama anangoja. Hapa hatujambo. Seremala wa chini ametutengenezea kigoda bila kuombwa, anasema kelele za kucheka kwetu zimempunguzia uchovu. Fundi alipanda juu akificha uso kwa aibu!

Majani ya baharini hayatutishi. Nyundo nazo Fundi anazipenda, ndizo muziki wake. Na kama Julai imeshindikana, basi hata Agosti, amesema ataomba wabadilishiane na mwenzake. Mwenzio nimeshaanza kujiandaa, usinicheke. Nimekata picha ya bahari kwenye kalenda ya mwaka juzi nikaibandika juu ya jiko, chai inachemka chini yake. Nimenunua kofia pana. Nikiivaa ndani, Fundi ananiita "mheshimiwa mgeni" na kuniuliza chumba namba ngapi. Yeye hajui kuogelea hata kidogo. Mtu anayening'inia kwenye shimo la ghorofa kumi na mbili anaogopa maji ya magotini! Amesema atakaa mchangani anishikie viatu.

Ningependa tu asubuhi moja tuamke, nifungue pazia, bahari iwepo. Mama alikuwa akisema uliwahi kumwandikia kwamba ukisimama kwenye vyumba vile saa kumi na mbili asubuhi, maji yana rangi ya maziwa. Alikuwa akinisimulia wakati ananisuka. Nilidhani ni wewe uliyeitengeneza bahari.

Saini tu, Mama Mdogo. Mwezi wowote. Fomu itume na posta, mengine tutayajaza.

Mwanao anayekupenda,
Chiriku


24 Mei

Chiriku,

Natumaini mu wazima. Nisamehe kukawia, kazi ilikuwa nyingi. Kulikuwa na mkutano wa wageni mia mbili, vitambaa vya meza tu vilirundikana mpaka darini. Nami niliugua kidogo, mafua tu, yamepita.

Kuhusu hilo la fomu. Wakubwa wamezifunga mwaka huu, hawapokei jamaa mpaka wapange upya. Na hata zingekuwapo, mwanangu, fikiria. Sisi wa kufulia hatuvuki bustani. Kuna ua wa maua, upande huu sisi, upande ule wageni. Ungekuwa unakunywa chai yako kule nami huku naona kofia yako kwa mbali. Ni starehe gani hiyo?

Mbele kidogo kuna hoteli nyingine, ndogo, tulivu, ya watu wa heshima zao. Mngeenda pale, au mngetafuta ziwa karibu na kwenu. Maji ni maji.

Umesema umenunua kofia. Vizuri. Jua la huku ni kali.

Mama Mdogo


5 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Hatujambo. Fundi anakusalimu.

Leo sina masimulizi mengi. Fundi, bila kuniambia, aliwaandikia hoteli yenu kuuliza ukarabati utaisha lini, alitaka kunifanyia jambo la kushtukiza. Jana wamejibu. Barua nzuri, karatasi nene, picha ya bahari juu. Wanasema hakuna chumba kinachokarabatiwa. Wanasema fomu za jamaa ziko wazi. Na wameongeza kwa ukarimu kwamba watafurahi sana, kwa kuwa msimamizi wao wa chumba cha kufulia ana miaka kumi na minane kazini na hajawahi hata mara moja kuitumia nafasi yake.

Fundi alinisomea kwa sauti mpaka hapo. Akakunja karatasi. Akasema, "Labda hawajui yanayoendelea huko nyuma." Anakutetea na hajawahi kukuona.

Mama Mdogo, mimi si mtoto tena. Sema hutaki nije, nitaelewa, lakini usinizungushie nyundo na majani ya baharini. Barua mbili umeniandikia. Umemtaja daktari wa meno, umetaja kofia, umetaja vitambaa vya meza. Mama hukumtaja. Hukuandika hata "marehemu".

Nilisema sitafukua. Nilidanganya, nami pia najua kudanganya. Mwaka jana mwezi wa tisa mama alikutumia barua. Niliiandika mimi, yeye akisema maneno akiwa amelala chali, mkono hauwezi tena kalamu. Miaka minne hamkuwa mkizungumza, yeye ndiye aliyeanza. Baada ya hapo aliishi wiki tano. Kila nikirudi kazini swali lilikuwa moja: "Posta umepita?" Nilipita, Mama Mdogo. Nilipita kila siku, hata Jumapili nikiwa najua wamefunga, nipate kumwambia nimepita.

Ulichoombwa unakijua. Kilikuwa kidogo. Uliona heri unyamaze. Mashuka yalipokuja nilijiambia, huyu anaomba radhi kwa njia yake, na furaha yangu ilikuwa kubwa kiasi kwamba ningeweza kusamehe mtu yeyote. Bado ni kubwa. Lakini kila nikicheka kuna mahali panavuta, kama jino lililobaki mzizi.

Niambie tu kwa nini hukujibu. Fungate tuiache.

Chiriku


22 Juni

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara sita. Salamu zangu zipokee, kwako na kwa Fundi, ambaye ana moyo kuliko sisi sote. Afya yangu njema, siwezi kujificha huko tena.

Sikijui nilichoombwa.

Soma mpaka mwisho ndipo ukasirike. Barua ile ilifika siku ya harusi ya wageni, asubuhi, mvuke umejaa chumbani hatuonani. Karani wa ofisi aliniletea mkononi. Nikautambua mwandiko wako kwenye bahasha, na nyuma limeandikwa jina la mama yako kama mtumaji. Miaka minne nilikuwa nimeungoja mwandiko wowote kutoka mlango ule. Unajua tulivyoachana. Baba yako alipowaacha, nilimwambia dada yangu mbele ya majirani, "Ulijitakia mwenyewe." Naye akaniambia nisikanyage tena kwake. Nilikuwa na wajibu wa kuomba msamaha na sikuomba, nikasema acha aanze mkubwa. Haya, mkubwa akaanza. Na mimi nikafanya nini? Nikaitia bahasha kwenye mfuko wa aproni, nikasema moyoni, "Nimengoja miaka minne, acha na yeye angoje mpaka jioni."

Jioni niliivua aproni nikaitupa kapuni na nyingine, nikaenda kulala kama gogo. Asubuhi zamu ya kwanza ilizitia mashineni. Mimi ndiye niliyeandika lile bango ukutani, herufi kubwa, PEKUA MIFUKO. Miaka kumi na minane nimetoa mifukoni pete za watu, tiketi, barua za wapenzi, na kila mmoja nimemrudishia chake hata hakijalowa. Ya kwangu ilipita. Niliikuta imekwisha kuwa punje punje nyeupe, imeshika kwenye aproni zote kumi na tisa. Nilizibandua punje zile kwa kucha, moja moja, wasichana wakaniona wakadhani ni usafi wangu. Nilizipanga mezani. Hapakuwa na neno hata moja.

Utasema, si ungeandika uulize? Ndiyo. Lakini ningeandika nini? "Dada, umeniandikia, sikusoma, nimeifua." Baada ya miaka minne! Nikasema nitaandika wiki hii. Nikasema wiki ijayo nitaomba ruhusa niende mwenyewe. Sikujua anaumwa. Wallahi sikujua, hilo lilikuwa ndani ya bahasha. Kisha mpokezi wa hoteli akaniletea kikaratasi cha simu mliyopiga, na tarehe yake ilikuwa ya siku mbili nyuma. Mlikuwa mmeshazika.

Tangu hapo nimekuwa nikiogopa uso wako. Watu wanasema ni wa dada yangu kabisa, mpaka kidoti. Nilifikiri, akisimama kwenye ule mlango mkubwa na kofia yake, nitageuka nikimbilie kwenye mashine zangu. Ndiyo maana ya nyundo na majani. Na fomu sikuwahi kuitumia kwa kuwa kila mwaka niliijaza jina la dada yangu, nikaiacha kwenye droo mpaka ikapitwa na wakati.

Ya mwaka huu nimeijaza jina lako na la Fundi. Imo ndani ya bahasha hii, saini ipo. Nafasi iliyobaki ni Agosti, tarehe nane hadi kumi na mbili. Chumba cha pembeni, kinaona maji pande mbili. Njooni au msije, ni yenu.

Nakuomba kitu kimoja. Aliniomba nini? Hata kama ni tusi, niambie. Mtu hawezi kuishi hajui amekataa nini.

Mama yako mdogo


3 Julai

Mama Mdogo,

Shikamoo.

Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma, nikaenda kuketi kwenye chumba cha kungojea cha wagonjwa kama vile mimi ndiye ninayeumwa. Daktari alitoka akanitazama, akarudi ndani, akawapokea watu mwenyewe kutwa nzima. Jioni nilimpa Fundi asome. Alisoma polepole, anavyosoma michoro yake. Kisha akasema, "Huyu mama amekwama kati ya ghorofa mbili." Akapika yeye.

Siku tatu nilikuwa na hasira. Sitakuficha. Niliipanga barua ya kukujibu nikiwa nafagia, nikiwa naoga, ilikuwa na maneno makali na ningekuwa na haki. Nilimwona mama akigeuza shingo kila mlango ukilia. Alikufa akidhani ulisoma ukakataa. Hilo hakuna wa kulibadilisha, si mimi, si wewe, na nikisema limekwisha nitakuwa nakudanganya. Halijakwisha. Sijui litaisha lini.

Lakini umeuliza, na kuuliza ni haki yako.

Hakukutukana. Alicheka kidogo kabla ya kuanza, akasema, "Andika: ya majirani nimeyasahau, hata nani alikuwepo sikumbuki." Kisha akapumzika. Kisha akasema niandike kwamba anaumwa na hatapona, ila nikuandikie kwa upole usije ukaanguka mbele ya wasichana wako. Nikaandika kwa upole. Akapumzika tena, safari hii kwa muda mrefu, nikadhani amelala. Ndipo akasema ombi lenyewe. Nalijua neno kwa neno kwa kuwa nililiandika huku machozi yanaangukia karatasi, nikalazimika kuanza ukurasa upya: "Huyu mtoto ana mchumba, anamtengenezea lifti. Siku ya kufunga ndoa sitakuwepo. Usimame wewe upande wake. Utie saini kama mama yake, na usimruhusu mtu mwingine yeyote atie."

Ndiyo hilo tu, Mama Mdogo.

Kadi yenye tarehe tulikuwa tumekutumia, na ofisini kwa msajili tulikungoja. Fundi aliwaomba wenye zamu ya nyuma yetu watangulie, mara moja, kisha mara ya pili. Kila gari likisimama nje nilichungulia dirishani. Msajili akasema anafunga saa sita. Daktari alikuwa amekuja kama mgeni tu, amevaa tai, akaona nimebaki na kalamu mkononi. Alikwenda kunawa mikono, nafikiri alikwenda kufuta macho. Nilikusimulia kama kichekesho kwa sababu sikuwa na namna nyingine ya kukusimulia.

Sasa najua hukukataa. Nimelirudia hilo mara nyingi wiki hii, nikipanda ngazi, nikifunga ofisi. Hukukataa. Hukuambiwa. Halitoi uchungu wote, lakini jana usiku Fundi aliniambia nimelala bila kusaga meno, mara ya kwanza tangu tuoane.

Fomu nimeipokea. Asante. Agosti tutakuja mimi na mume wangu, tutalala kwenye chumba cha pembeni, na nitafurahi sana kuliko ninavyoweza kuandika hapa, maana furaha yangu hii ni ya kweli hata ikiwa na machozi ndani.

Ila Agosti ni mbali, na katika ukoo wetu tumezoea mno kuambiana ngoja. Mama alingoja, wewe ulingoja, nami nilingoja na kalamu mkononi. Nimeomba ruhusa ya siku tatu kazini. Daktari amenipa nne. Nitapanda basi la alfajiri, peke yangu, bila kofia, sitaki chumba cha kuona maji. Nitalala kwako huko nyuma, kitanda kimoja, kama nilivyokuwa nikilala nawe nilipokuwa mdogo. Utaniogopa uso, najua. Ogopa tu, nitakaa mpaka uzoee. Nami nitakuwa na hasira saa nyingine, uniache niwe nayo. Tutamlia mama pamoja, maana kila mmoja wetu amemlia peke yake, na mimi nimechoka.

Nakuja kabla wiki mbili hazijaisha. Usiniandikie nisije. Barua hiyo itafika hapa mimi nikiwa njiani.

Mwanao,
Chiriku